Zimwi Mstaafu na Mtungi wa Maziwa

Mke wangu alinikuta nimejifunika blanketi hadi masikioni, alasiri ya siku ya kazi, simu mkononi, natabasamu. Mwanamume wa umri wangu anayetabasamu na simu ndani ya blanketi, wake wa mtaa wetu wa Munyaka wanajua jinsi ya kumshughulikia. Aliichukua ile simu, akasoma ukurasa mzima akiwa amesimama, kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

“Huyu zimwi anashona soksi?”

“Anatengeneza miavuli. Soksi ni za rafiki yake.”

“Na watu je, ameacha kula?”

“Alistaafu.”

Akanirudishia simu. “Afadhali ingekuwa mwanamke,” akasema, akaenda kuangalia mboga yake jikoni.

Alikuwa na haki ya kushangaa. Mimi ndiye yule mtu anayeandika magazetini juu ya mashamba, vyeo na wizi, na ambaye picha yake ndogo juu ya makala inaonyesha uso wa mtu mwenye kiungulia. Nilisomea fasihi chuoni Chepkoilel, enzi ambazo mhadhiri hakukuruhusu kufungua hadithi yoyote kabla hujauliza shamba ni la nani na jembe limeshikwa na nani. Lakini kila msimu wa kampeni unapokaribia, helikopta zikianza kutua viwanjani na magari yenye spika kupita mtaani yakituahidi barabara ileile, mimi huingia ndani ya blanketi na kusoma vitabu vya mazimwi wapole.

Wasioyajua maandishi haya niwaeleze. Ni hadithi za ulimwengu wa uchawi ambamo hakuna vita, au vita viliisha kitambo na hakuna anayevizungumzia. Joka analea paka. Mchawi ana mafua. Jambo kubwa kuliko yote ni kama keki itaumuka kabla ya sherehe ya kijiji. Mimi huziita riwaya za blanketi, na kwa baridi ya Eldoret mwezi wa saba, sioni dawa nyingine.

Shida ni kwamba mtu aliyefundishwa kuuliza shamba ni la nani hawezi kuacha kuuliza. Na katika riwaya za blanketi huwa kuna nyumba tupu. Mgeni anafika kijijini na begi moja na upanga uliochoka. Pale pembeni mwa soko kuna jengo lililofungwa, lina vumbi, paa linavuja kidogo tu, la kupendeza. Analipata kwa bei ya kutupa. Anafagia. Kabla kitabu hakijafika mbali, mwoka mikate wa jirani anamletea kitu cha moto ndani ya kikapu. Hakuna anayemuuliza mgeni, “Wewe ni wa wapi?” wala lile swali la pili ambalo ndilo lenyewe: “Hapana, namaanisha wapi hasa?” Na hakuna, hata mmoja, anayeuliza mwenye jengo alienda wapi.

Mkazi wa kaunti yetu ya Uasin Gishu hawezi kuupita ukurasa huo bila kusimama. Huku kwetu jengo zuri la pembeni mwa soko halibaki tupu kwa sababu ya vumbi. Baba yangu alikuja hapa kutoka magharibi kufanya kazi ya kibarua katika kiwanda cha nguo, akazaa, akajenga, akazeeka, na hadi mwaka wa kufa kwake majirani wema walikuwa bado wanamuuliza anarudi nyumbani lini. Siyo kwa ubaya. Walikuwa wanajua tu kwamba mtu kama yeye huwa na pa kurudi, hata kama mwenyewe amesahau njia.

Halafu kuna maziwa. Vitabu hivi vimejaa siagi, krimu na chai nzito, ila hakuna ng'ombe. Hakuna anayeamka alfajiri kukamua. Maziwa yapo tu jikoni, kama mwanga.

Nilikuwa nimeanza kuyapanga mawazo haya yawe makala kali, ambayo ingenipa pia kisingizio cha kuendelea kusoma. Kosa langu lilikuwa kumpa dada yangu vile vitabu kabla ya kumpa makala.

Dada yangu ni mdogo wangu. Alikuwa karani katika ghala la nafaka, na ghala lilipopunguza watu, akahamia chumba cha nyuma kwangu. Alikuwa akiosha vyombo huku analia, kisha anaviosha tena kwa sababu amevililia. Kurudi kwetu kijijini hakutaka hata kusikia. Aliwahi kuapa mbele ya shangazi wote kwamba hatarudi kule mikono mitupu, na shangazi zetu wana kumbukumbu nzuri. Nikamtumia zimwi wa miavuli kama dawa. Sikusoma maelezo ya pembeni mwa chupa.

Alimaliza kitabu kile, akamaliza vingine vyote nilivyokuwa navyo. Asubuhi moja akaingia jikoni amejipaka lipstiki.

“Prof, nimepata nyumba pale mjini Turbo.” Huniita Prof kunidhihaki, sijawahi kuwa profesa, na anajua inaniuma.

“Nyumba ya kukaa?”

“Ya hoteli. Nitapika chai. Iko kona kabisa, pale malori hupaki. Imefungwa miaka mingi. Mzee mwenye ploti amesema nilipe kidogo tu, bora nisafishe.”

Nilisikia baridi mgongoni, na blanketi lilikuwa mbali. “Imefungwa kwa nini?”

“Imefungwa tu.”

“Na aliyekuwa hapo kabla yako?”

“Alienda.”

“Alienda wapi?”

“Prof, wacha siasa.”

Maneno hayo mawili, katika sehemu hizi zetu, ni kama mtu kuzima taa: mazungumzo yamekwisha, kila mtu atafute mlango wake. Nami niliyatii. Kiinua mgongo chake chote kiliingia mle ndani. Ikifanikiwa, angekuwa mwanamke mwenye hoteli yake. Ikianguka, angerudi kijijini, na shangazi wangekuwa wamemsubiri barabarani.

Alifuata kitabu neno kwa neno. Aliweka vyungu vya maua dirishani. Alileta mito ya kukalia. Alimwagiza fundi meza moja ndefu, kutoka ukuta hadi ukuta, ili wateja wote waketi pamoja, kwa sababu katika vitabu zimwi na malaika hula supu kwenye meza moja. Kuta alizipaka rangi ya krimu, lakini chini ya rangi kulikuwa na mchoro wa zamani, birika kubwa jeusi kama yale yanayochorwa kwenye hoteli zetu zote, na kila rangi ilipokauka, birika lilirudi. Alipaka tena. Likarudi tena, limefifia, mdomo wake umepinda vibaya.

“Linaleta vaibu,” akaamua, akaliacha.

Nje, juu ya mlango, akaandika KARIBU WOTE. Nilimwambia kwamba huku neno “wote” linaweza kuwatisha watu, maana kila mtu atajiuliza wengine ni nani. Akaniambia nishike ngazi vizuri.

Siku ya kwanza madereva wa malori walikuja hadi mlangoni, wakachungulia maua, mito na gitaa laini lililokuwa likitoka kwenye spika, wakarudi nyuma. Mmoja akauliza kama hapo ni kliniki ya akina mama. Aliyethubutu kuingia aliletewa chai ya mchaichai na mnanaa, kwenye kikombe cha udongo, bila tone la maziwa. Kwetu huku, kumpa mtu chai kavu ni kumwambia kwamba ng'ombe wako wamekufa na yeye asije tena. Dereva yule alitazama ndani ya kikombe kwa muda mrefu.

“Mama,” akauliza kwa heshima, “mko kwa maombi ya kufunga?”

Ndipo dada yangu akaelewa kwamba lazima atafute maziwa, na kwa maziwa, Turbo, huwa unatumwa kwa mtu mmoja. Alikuwa mama mrefu, mkulima, mwenyeji wa hapo tangu babu zake, anayevaa viatu vya gambuti na kitambaa cha kanisani kichwani. Alikuja na bodaboda kila asubuhi, mtungi wa alumini umefungwa nyuma yake. Ulikuwa mtungi mkubwa, umebonyea upande mmoja kama shavu la mtu asiye na meno, na kifuniko chake kilikazwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Maziwa yenyewe yalikuwa mazito kiasi kwamba chai ilipikwa, ikaiva, na bado ikaonekana kama inasitasita.

Mama wa maziwa alikuwa na tabia moja tu ya ajabu. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, akamimina maziwa kwenye sufuria la dada yangu, akafunga mtungi.

“Ingia, Mama, ukunywe chai.”

“Nimekunywa.”

Kila siku alikuwa amekunywa. Dada yangu alidhani ni haraka za watu wenye ng'ombe.

Maziwa yaliwaleta wateja. Nilianza kwenda kila Jumamosi, kama mdhamini asiye na mchango, na kuketi mwisho wa ile meza. Walikuja madereva. Walikuja wakulima wa mahindi. Walikuja wanawake wa mitumba, watu wa kwetu kutoka magharibi, na mwenye kinu cha kusaga cha ng'ambo ya barabara, kile chenye mlango wa kijani, ambaye alipenda kukaa chini ya birika. Hapo Turbo kila hoteli ina watu wake, na mwaka kabla ya uchaguzi unaweza kuijua kura ya mtu kwa kuangalia anapochovya mandazi. Hoteli ya dada yangu haikuwa na wenyewe bado. Kwa hivyo wote waliketi kwenye meza moja, kama ilivyoandikwa, na hakuna aliyesema neno.

Sijawahi kuona chai ikinywewa hivyo. Mtu akisema mvua imechelewa, jirani yake anafikiria mbolea, mbolea ni serikali, serikali ni kura, basi anakubali kwa kichwa na kutazama nje. Hotuba ndefu kuliko zote niliyoisikia mle ilikuwa “Nipitishie sukari.” Gitaa liliendelea kulia taratibu.

“Unaona?” dada yangu akaninong'oneza, macho yanang'aa. “Amani.”

Niliijua amani hiyo. Ndiyo ile tunayohubiriwa kila uchaguzi ukikaribia, na wachungaji, na machifu, na hata wanariadha wetu waliovalishwa fulana nyeupe: tudumishe amani, ndugu zangu, yaani kila mtu anyamaze mpaka kura zihesabiwe. Nikaona kwamba riwaya za blanketi na mikutano ya amani ni kazi ya mwandishi mmoja. Niliiandika sentensi hiyo kwenye karatasi ya kupangusia mikono, nikaipenda sana. Mteja mmoja akaitumia kufuta mafuta ya mandazi.

Sasa nimfikie mgeni. Sitataja jina lake, wala la mtu yeyote hapa, na najua msomaji Mkenya ameanza kuudhika, kwa sababu bila jina hawezi kujua amhurumie nani. Avumilie.

Ilikuwa Jumamosi. Aliingia mama wa makamo ya kuelekea uzee, sweta la buluu, mkoba mkubwa, viatu vya kwenda msibani. Hakututazama. Alitazama ukuta. Kisha akaketi mwisho wa meza, ng'ambo yangu, akaagiza chai na mandazi, akanywa nusu.

“Jiko mmelihamisha,” akasema.

Meza nzima iligeuka. Hapo hapakuwa mahali pa kusema.

“Ulikuwa unakuja hapa kitambo, Mama?” dada yangu akauliza.

“Nilikuwa napika hapa. Jiko lilikuwa upande ule, moshi utokee dirishani. Hivi mnawafukiza watu.” Akainua kidole kuelekea birika la ukutani, juu ya kichwa cha mwenye kinu. “Hilo alichora mume wangu. Mdomo aliukosea, na nilimwambia.”

Niliona dada yangu anahesabu: meza, mito, rangi, kiinua mgongo, shangazi. “Kwa hivyo… umerudi, Mama?”

“Nirudi wapi? Nimekuja kumzika rafiki yangu hapo mbele. Nikasema wacha nipite nione. Ploti haikuwa yangu, hata mimi nilikuwa nalipa rent. Vitu ndio vilikuwa vyangu.” Akanywa tena. “Chai yako si mbaya.”

Katika kitabu, hapa ndipo watu wanakumbatiana. Mwoka mikate analia kidogo, zimwi anampa mgeni mwavuli, na sura inakwisha. Nilikuwa karibu kuamini. Kisha tukasikia bodaboda ikizima nje.

Mama wa maziwa alifika kizingitini, mtungi mkononi, akasimama pale anaposimama siku zote. Mgeni aligeuka. Hakuutazama uso wake. Alitazama mtungi, pale ulipobonyea.

“Huo mtungi,” akasema.

Mtungi ukashushwa chini polepole. “Ni wewe,” akasema mama wa maziwa.

“Ni mimi. Na huo ni mtungi wangu.”

Gitaa pekee ndilo halikuelewa mambo.

“Nilikuwekea,” mama wa maziwa akasema.

“Uliniwekea.”

“Ile time ya fujo za kura watu walikuwa wanabeba kila kitu. Viti, sufuria, mpaka mlango. Nikasema huu wacha nimwekee, akirudi aukute.”

“Miaka yote hii ulikuwa unaniwekea.”

“Si ungekuja mapema!”

Dereva mmoja alicheka, akajaribu kukimeza kicheko pamoja na chai, vyote vikamtokea puani.

“Ningekuja mapema na nini?” mgeni akasema. “Na landrova ya polisi? Na bado unaongeza maji kwa maziwa?”

“Mimi? Maji? Mungu anisikie!”

“Kila kiangazi. Chai yangu ilikuwa inaona haya kutoka kwa birika.”

“Hata juzi yalikuwa mepesi kidogo,” dereva wa puani akasema, anajipangusa.

“Wewe wa lori unajua nini maneno ya ng'ombe?” mkulima mmoja akamrukia.

“Najua maji! Nimebeba maji!”

“Jameni,” dada yangu akasema, anaongeza sauti ya gitaa, “tafadhali, tuwache siasa.”

Mgeni akamgeukia, kwa upole kabisa. “Mtungi ni siasa?”

Hapo meza ikafunguka. Sijui nieleze vipi. Mwanamke wa mitumba akasema yeye alipoteza cherehani ile time, na anajua iko wapi, na huwa anasikia inavyolia akipita. Mkulima akasema hata wao walichomewa ghala, kwani hiyo haihesabiki? Akajibiwa na ng'ambo kwamba inahesabika, nani amesema haihesabiki, lakini acha mwenzako amalize. Watu walikuwa wanapiga meza, vikombe vinaruka. Kisha mama wa maziwa akasema, kwa sababu alikuwa ameshikwa pabaya na alitaka kampani, “Na mbona mnaniangalia mimi peke yangu? Mlango ulienda wapi?”

“Mlango wangu ulikuwa wa kijani,” mgeni akasema.

Kila mtu Turbo anaujua mlango wa kijani. Hakuna aliyetazama ng'ambo ya barabara. Wote walitazama kwa bidii ndani ya vikombe vyao. Mwenye kinu alimaliza chai yake akiwa amesimama, akaweka pesa mezani, akatoka bila kusema kwaheri, akavuka barabara, akafungua ule mlango, akaufunga nyuma yake. Ulikuwa mlango imara. Tulisikia komeo.

Mama wa maziwa akaingia ndani. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alimimina maziwa kwenye sufuria, akaomba maji ya moto na stiliwaya, akachuchumaa mlangoni, akaanza kuusugua mtungi ndani na nje. Aliusafisha kama mtu anayemwogesha mtoto wa mwenzake kabla ya kumrudisha. Akaukausha kwa kanga. Akafungua kile kipande cha mpira kwenye kifuniko, akakitia mfukoni.

“Mpira ni wangu,” akasema, akautoa mtungi kwa mikono miwili.

Mgeni aliupokea kwa mikono miwili vilevile. Akanusa ndani. “Umeutunza,” akasema.

Basi. Hayo tu. Dada yangu alikataa pesa ya chai, mgeni akamlazimisha, akisema yeye mle ndani hakuwahi kumpa mtu chai ya bure na hawezi kuharibu jina la nyumba. Akaondoka, mkoba bega moja, mtungi mkono mwingine, unang'aa juani.

Kesho yake hakukuwa na maziwa. Wala keshokutwa.

Dada yangu alinipigia simu. “Ni hivi vitabu vyako,” akasema, na sikuweza kubisha. Mchaichai ulikuwa umerudi kwenye vikombe. Wateja walikuja kwa wingi kuliko zamani, wanataka kusimulia ile Jumamosi, hata ambao hawakuwepo, hasa ambao hawakuwepo. Lakini wanakunywa kikombe kimoja kavu, wanauliza kama maombi ya kufunga yameanza tena, wanavuka kwenda kwa wenye maziwa. Wauzaji wengine wa maziwa walikataa kuingilia. Yule mama ni mtu wa kuogopwa. Mwenye kinu hakuonekana, na marafiki zake pia. Wiki moja ya hivyo, dada yangu akasema, na meza ataiuza kwa kanisa.

Niliazima gambuti, nikaenda mwenyewe shambani. Nilikuwa nimejiandaa. Njiani nilipanga hotuba juu ya mali, kumbukumbu na ujirani, yenye mifano mitatu na kituo cha kuchekesha katikati. Nilimkuta zizini anakamua kwenye ndoo. Ndama wawili walikuwa wananyweshwa maziwa na wamenenepa kama watoto wa mbunge.

“Karibu, Mwalimu. Nishikie huyo.” Akanipa kamba ya ndama wa tatu.

Nikatoa hotuba yangu nikivutwa huku na huku. Hakunikatiza. Kwenye kituo cha kuchekesha, ndama alinikanyaga.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza, Mama.”

“Mshike karibu na shingo, atatulia.” Akaendelea kukamua. “Dada yako amefunga hoteli?”

“Bado. Akikosa maziwa wiki hii, atafunga. Atarudi kijijini.”

“Kwani mimi nimekataa? Sina mtungi.”

Nilisimama kama mtu aliyepigwa na kamba. Siku zote hizo nilidhani ni hasira, aibu, historia. “Si uazime kwa jirani?”

“Niende kwa jirani, aniulize wangu ulienda wapi?”

“Basi nitakununulia,” nikasema, na mkono ukaanza kwenda mfukoni, mkono wa msomi mkarimu.

Aliacha kukamua. Aliniangalia kwa mara ya kwanza. “Ndio baadaye uniambie ni wako?”

Nikarudi Eldoret na harufu ya zizi, na bila makala. Jioni nilifungua tena zimwi wa miavuli, pale nilipokuwa nimeachia. Majirani walikuwa wanamletea kikapu cha mikate. Nilijikuta natazama kikapu, nikijiuliza kilikuwa cha nani hapo mwanzo.

“Amekula mtu?” mke wangu akauliza kutoka mlangoni.

“Bado.”

“Subiri,” akasema.

Jumamosi nilikuwa Turbo tena, nikikoroga chai kavu, kwa sababu dada yangu alikuwa amesema kama mimi ndiye niliyeanzisha, basi nitahudumia mpaka mwisho. Alikuwa juu ya ngazi na brashi. Alikuwa amekata tamaa ya kulifuta lile birika, akaamua kulichora upya kwa rangi nyeusi, mstari juu ya mstari. Jiko alikuwa amelirudisha upande wa dirishani. Watu mezani walikuwa wanabishana juu ya bei ya mbolea, kwa sauti, na gitaa lilikuwa limezimwa na mtu.

Bodaboda ikasimama nje. Mama wa maziwa akashuka. Hakusimama kizingitini. Aliingia moja kwa moja, akaweka mtungi katikati ya meza ndefu, kati ya vikombe, mahali ambapo kila mtu angeuona. Ulikuwa mpya kabisa, karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni.

“Huu nimenunua,” akawaambia wote. “Duka mnalijua. Mwenye swali aende aulize.”

Mkulima mmoja akainama kuisoma ile karatasi ya dukani.

Mama wa maziwa akatazama juu ukutani. “Mdomo wa hilo birika umeukosea,” akamwambia dada yangu.

“Ndivyo ulivyokuwa, Mama.”

Akafikiria. Kisha akatoa kile kipande cha mpira wa tairi mfukoni, akakifunga kwenye kifuniko cha mtungi mpya, akakaza vizuri, akavuta kiti.

Dada yangu alishuka kwenye ngazi, rangi nyeusi mikononi. “Ukunywe chai, Mama?”

“Lete.”